Msitu wa Viazi

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa kama chai iko tayari. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa karakana ya redio mjini Nyeri, sketi nimeipiga pasi mara mbili, barua ya ajira mkononi, na mwanamume aliyeinamia meza akasema bila kuinua kichwa, "Weka hapo kando." Nikamwambia sina chai, nina cheti cha ufundi wa mawasiliano. Akainua kichwa, akanitazama, akatazama barua. "Basi njoo unishikie waya huu," akasema. Nilishika waya ule mpaka saa sita mchana.

Huyo ndiye aliyekuwa Mhandisi wetu. Nitamwita kwa cheo chake tu, maana hata mkewe akipiga simu ofisini alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa Chuka, mwembamba, mchache wa maneno. Kazi mbovu hakuisamehe, lakini fundi aliyekosea alimsamehe haraka. Tuliajiriwa na huduma moja ya afya ya kanisa iliyokuwa na kliniki za kutembea: magari yaliyozunguka vijiji vya kando ya mlima na kando ya misitu, yakiwa na muuguzi, dawa na mizani ya watoto. Kazi yetu karakanani ilikuwa kuhakikisha gari likiwa huko mbali linaweza kusema na hospitali.

Nyinyi mliozaliwa na simu mfukoni mtaniwia radhi nikieleza mambo ya zamani polepole. Wakati ule, miaka ya tisini ilipoanza, gari lilikuwa na redio ya sauti. Unabonyeza kitufe, unasema, unaachia, unasikiliza. Sauti inakuja na mikwaruzo, na ikikatika unabahatisha. Daktari akisema "mpe nusu", nawe ukasikia "mpe... su", utajua amesema nini. Au utadhani umejua, na hapo ndipo watu huumia.

Nilifanya mwaka mmoja karakanani, nikapelekwa Karatina kutunza kituo kidogo, kisha Nanyuki, nilikojifunza kupanda mnara huku upepo unanivuta sketi. Nikaanza kuvaa suruali. Msimamizi wa Nanyuki hakupenda, akaandika barua kulalamika, na Mhandisi akamjibu kwa mstari mmoja: "Mnara hauna ngazi ya sketi." Barua hiyo niliiona kwa macho yangu na nikampenda mzee yule tangu siku hiyo.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini Mkurugenzi, ambaye alikuwa padri na mtu wa kupenda mambo mapya, alirudi kutoka mkutano fulani na habari ya mashine za data. Ukiwa garini unaandika ujumbe kwa kibodi, kisanduku kiitwacho modemu kinageuza herufi kuwa milio, redio inarusha milio hiyo, na hospitalini inageuzwa kuwa maandishi tena. Ujumbe unakatwa vipande vidogo, pakiti. Kila pakiti ikifika, kituo kinajibu kuwa imefika. Isipojibiwa, mashine inairusha upya, na kwenye kioo chake inaandika JARIBU TENA. Hakuna kubahatisha. Ama umepata kipimo cha dawa jinsi kilivyo, ama hujapata kitu.

Niliitwa nirudi Nyeri kwa kazi hiyo. Nilipewa cheo cha fundi mwandamizi kwa majaribio, mwanamke wa kwanza pale, na nilikuwa na kichwa kikubwa, nakiri. Wauzaji wa Nairobi walituletea aina mbili. Ya kwanza ilitumia masafa ya juu: mawimbi mafupi, antena fupi ya kutosha mkononi, ujumbe unaenda chap. Ya pili ilitumia masafa ya chini: mawimbi marefu, antena ndefu ya kuyumba, na ujumbe unasota mpaka unachoka kuusubiri. Mhandisi aliniita akanipa karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja tu: "Zijaribu zote mbili ndani ya msitu, uniletee ripoti."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Mimi nimezaliwa Wamagana. Mama yangu alikuwa na shamba msituni. Serikali ilipokata miti ya zamani na kupanda misonobari, iliwaruhusu wananchi walime viazi katikati ya miche mpaka miche ikue, ndipo wahame waende sehemu nyingine. Kwa hiyo nyumbani kwetu msitu palikuwa mahali pa viazi. "Mama yuko wapi?" "Ameenda msitu." Akirudi ana gunia mgongoni. Jirani akiwa na njaa aliambiwa aende msitu. Nilikulia neno hilo, na halikuwahi kuwa na maana nyingine kichwani mwangu. Miti mikubwa ya zamani, ile ya juu penye ndovu, ilikuwa na jina lake: kule juu.

Nikachukua gari pamoja na mzee Bakari. Bakari alikuwa dereva wetu, mzaliwa wa Majengo pale pale Nyeri, Mwislamu safi, mwenye Kiswahili cha kututia haya sote. Nilimwelekeza mpaka msituni. Tukasimama katikati ya miche iliyonifika kiunoni, akina mama wakipalilia huku na huku.

Bakari akazima injini, akatazama. "Binti, msitu ndio huu?"

"Ndio huu, mzee."

"Mbona kuna watu wanalima?"

"Wewe mtu wa Majengo unajua nini habari ya msitu?" nikamjibu, na akina mama wakacheka, naye, kwa heshima yake, akashuka kunisaidia kusimamisha antena.

Nilijaribu siku tatu, asubuhi na alasiri. Mashine ya masafa ya juu ilifanya kazi vizuri mno. Kila ujumbe ulifika mara ya kwanza. Ile ya masafa ya chini ilifika pia, lakini kwa uvivu, na antena yake ilinipiga usoni mara mbili. Nikaandika ripoti safi yenye michoro. Nikasema: katika msitu, chagueni masafa ya juu. Mhandisi aliisoma mara moja, akatia sahihi chini ya sahihi yangu, na barua ya kuagiza mashine kumi ikaanza kuandikwa. Nikaomba mashine ile ya majaribio ifungwe kwenye gari la Sista Eunice mara moja, ili wauguzi waizoee. Ili kupata nafasi, nikaing'oa redio ya zamani ya sauti. Niliing'oa mimi mwenyewe, na bisibisi yangu mwenyewe.

Sista Eunice hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi, na kwetu muuguzi ni sista. Mwanamke mnene, mpole, mwenye mkono mwepesi wa sindano. Wiki ile nilifuatana naye ili kumfundisha kibodi. Bakari ndiye aliyekuwa akiendesha. Tulipita viazi, tukapanda, tukaingia kule juu, kwenye kambi ya wapasua mbao iliyokuwa ndani kabisa, miti minene imeshikana juu, majani yanadondoka maji ingawa mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi.

Hata meza hatujaipanga, watu wanne wakaja wamebeba mwanamume kwenye gunia. Alikuwa Muriithi, mrina asali wa kambi ile. Mzinga ulikuwa umemponyoka ukapasuka, na nyuki walimwingia mpaka ndani ya shati. Uso ulikuwa umevimba, macho yamefungana kabisa, na pumzi yake ilikuwa ikitoa mlio mwembamba ambao sijausahau.

Sista alimchoma sindano ya kwanza papo hapo. Ile aliruhusiwa. Ya pili, kwa kanuni zetu, ilihitaji neno la daktari, kwa sababu moyo wa mtu unaweza kushindwa. Akasubiri kidogo, akapima mapigo, akanigeukia. "Hii moja haitoshi. Mwandikie daktari."

Nikaandika. Nikabonyeza. JARIBU TENA.

Nikabonyeza tena. JARIBU TENA.

"Itaenda, Sista," nikasema. "Nimeijaribu mwenyewe."

Tulikuwa tumemlaza Muriithi kwenye kiti cha nyuma, kichwa karibu kabisa na bega langu. Nikasogeza antena. Nikazima nikawasha. Nikapunguza maneno ya ujumbe. Kila mara kioo kiliandika maneno yale yale, na kila mara mimi nilisema yale yale: itaenda, ngojeni, itaenda. Sista alinitazama, akatazama mgonjwa, lakini aliniamini. Mimi ndiye niliyekuwa na cheti. Mimi ndiye niliyekuwa na ripoti yenye michoro.

Bakari ndiye aliyevunja jambo lile. Alisimama nje mlangoni, kofia mkononi, akasema taratibu, "Binti, redio ile ya kwanza ilikuwa inasema kutoka hapa hapa. Kwa taabu, lakini ilisema. Hii haisemi. Tutoke."

Nilitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika ishirini.

Aliendesha gari vile ambavyo sijawahi kuona, na mgonjwa tumemshika mimi upande huu, Sista upande ule. Tulipotokeza kwenye viazi, bila mimi kugusa chochote, kioo kikabadilika. Ujumbe ulikuwa umeenda. Kabla hatujafika barabarani jibu la daktari lilikuwa limeingia, herufi kwa herufi, kipimo na yote. Bakari akasimamisha gari pale pale nilipofanyia majaribio yangu, na Sista akachoma sindano ya pili huku akina mama wamesimama na majembe yao wakitazama. Mlio ule mwembamba ukaanza kupungua. Nikakumbuka Bakari akiniuliza kama msitu ndio huu.

Muriithi alilazwa siku nne, akapona.

Wakati tunarudi karakanani Bakari alinionea huruma. "Sema mashine ilikuwa mbovu," akaniambia. "Vyombo huharibika. Nani atauliza?" Aliyasema kwa wema, najua. Na naomba msinifanye mtakatifu: nililifikiria neno lile njia nzima. Cheo changu kilikuwa cha majaribio, barua ya kunithibitisha ilikuwa mezani kwa Mkurugenzi, na mama yangu alikuwa amekwisha kuwaambia watu wote wa kanisa letu. Lakini ningesema mashine ni mbovu, wangetuletea nyingine nzima ya aina ile ile, kisha kumi, na kila Sista angekaa kule juu akibonyeza.

Nilimkuta Mhandisi akichomea waya. Nikamwambia yote, nimesimama.

Akaweka chombo chini. "Ulijaribu wapi?"

"Msituni."

"Msitu gani?"

"Wa viazi," nikasema.

Nilidhani atanifokea, na ningeshukuru. "Kwetu Chuka," akasema, "msitu ni pale ambapo unaita mtu aliye hatua kumi na humwoni. Nikaandika msitu, nikaona nimeandika kila kitu." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mimi nilikuandikia neno moja, na wewe ukaniletea jibu la neno jingine, na sote wawili tukatia sahihi."

"Kosa ni langu, Mhandisi. Mimi ndiye niliyemng'ang'aniza Sista."

"Hilo ni lako, kweli," akasema. "Lile la karatasi ni letu."

Akaenda ofisini akasimamisha barua ya kuagiza. Kisha tukaandika ripoti ya pili, tukaeleza wapi hasa tulijaribu na nini kilitokea kule juu, bila kumficha mtu. Mkurugenzi hakufurahi. Alikuwa amekwisha kuwasifia wakubwa wake mashine zile. Alituita sote wawili, akatusema nusu saa, akauliza inakuwaje fundi hajui msitu. Mhandisi akamjibu, "Baba, anaujua kuliko sisi. Ndiyo shida." Baba akamwambia hilo si jibu.

Tulirudia majaribio, safari hii sote watatu: mimi, Mhandisi na Bakari. Tulienda penye mianzi, tukaenda penye miti ya zamani, tukaenda mara mvua inaponyesha na mara imekatika. Niliona kwa macho yangu kile ambacho vitabu vilisema na mimi nikakisoma bila kukielewa: wimbi fupi hunywewa na majani, na majani yaliyolowa hulinywa zaidi. Wimbi refu hupenya. Kwa sauti, ukipoteza kidogo si neno. Kwa data, pakiti iliyopoteza herufi moja hutupwa yote. Ndiyo maana chombo kinachotosha kwa maneno huenda kisitoshe kwa maandishi, hata kama kinatumia masafa yale yale. Tukachagua masafa ya chini, na tukapunguza mwendo wa data kuliko hata wauzaji walivyotaka. Antena ndefu ilikuwa ikivunjwa na matawi, kwa hiyo Bakari alituonyesha kuifunga kwenye bampa la mbele kwa springi ya kiti cha gari bovu, na kuivuta nyuma kwa kamba wakati wa kwenda. Wauzaji walicheka, lakini walipokuja mara ya pili walikuwa wanaichora kwenye daftari.

Mimi sikuzifunga mashine zile. Barua ya kunithibitisha haikuja. Badala yake ikaja ya kunihamishia Timau, kule kwenye ngano, ambako unaweza kumwona mbwa wako akitoroka siku nzima. Bakari aliponipeleka alisema, "Haya binti, huku hata ukitafuta mti wa kukosea huupati." Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli. Nilikaa Timau miaka mitatu, nikithibitishwa mwaka wa pili. Mhandisi alistaafu nikiwa huko. Nilirudi Nyeri baadaye, na mwishowe nikakalia kiti chake, lakini hayo ni mambo ya kawaida ya kazi na hayana haja ya kuelezwa.

Sasa nimestaafu, nakaa Gatitu. Vijana wa minara ya siku hizi hunipitia wakitaka nizungumze nao habari ya vyombo, na wengi huuliza ni chombo gani bora. Huwa nawarudishia swali: bora wapi? Wakisema msituni, nawaambia wanipeleke. Wanadhani nafanya utani. Chombo hakijui neno tuliloliandika. Kinajua majani yaliyo mbele yake, na anayeumia ni yule aliyesimama nyuma ya majani hayo.

Lakini kuna jambo moja nililifanya vibaya kwa miaka mingi kuliko hata ripoti ile. Muriithi alipona, kama nilivyosema, na kila mwaka msimu wa asali alinitafuta. Alinikuta Timau, alinikuta Nyeri, alinikuta hapa. Kila mara alinishukuru: mama wa redio, wewe ndio uliniokoa. Na mimi, niliyewaambia ukweli Mhandisi na Mkurugenzi na karatasi, yeye sikumwambia. Nilipokea tu. Nilikuwa nikijiambia mtu amepona, ya nini kumsumbua.

Mwaka niliostaafu alikuja, tukakaa nje kwenye benchi, na nikaona sitaweza tena. Nikamwambia. Nikamwambia habari ya viazi, na redio niliyoing'oa, na kwamba kama ningenyamaza mapema tungetoka mapema.

Akatikisa kichwa polepole. "Kwani tulikaa pale dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Ishirini," akasema. "Mimi nilidhani ni siku mzima." Akanigeukia. "Ati ni wewe ulikuwa unasema itaenda?"

"Ni mimi."

"Macho ilikuwa imefunga, mama. Sikuwa naona kitu. Pumzi inaisha. Lakini nilikuwa nasikia mtu moja karibu na masikio yangu, anasema itaenda, itaenda. Nikashika hiyo maneno. Nikajiambia, basi usife, huyu anajua."

"Sikuwa najua," nikamwambia. "Haikuwa ikienda, Muriithi. Nilikuwa nakosea."

"Sawa," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nangojea na wewe."

Nikalia pale pale mbele ya mgeni, mchana, majirani wakipita njiani, na yeye akangoja kando yangu mpaka nilipomaliza.